Usizike Friji Kabla Ujue Nini Imeiua

Stima ikipotea kwa ploti hakuna mtu hushtuka. Mambo ni ikirudi. Taa inawaka, inafifia, inawaka tena na kiherehere, halafu nyumba moja moja zinaanza kuamka: friji ya jirani inaanguruma, TV ya wale wa juu inapiga kale kawimbo kake, na kwa mlango fulani unaskia tu mse akisema, "Ayaaa." Huyo wa "ayaaa" ndio namwandikia leo. Asubuhi utampata hapo geti na soja, bado hajaoga, wanabishana ka hiyo kitu iundwe ama aitupe anunue ingine.

2023 ilitupatia huo mtihani mara kadhaa. Agosti 25, Ijumaa usiku, karibu Kenya yote ikazima, na kabla mwaka iishe ikarudia Novemba, halafu Desemba tena. Na hata bila giza ya nchi mzima, transfoma ya mtaa ikikohoa mara mbili kwa wiki inatosha. Kwa makaratasi stima yetu ni volti 240. Ikirudi inaweza panda juu ya hapo kidogo, na hako kakidogo ndio hula bodi za vitu za wenyewe.

Kwa hii debeti kuna timu mbili. Ya kwanza ni ya mathe na mzae. Kwao kitu haitupwi. Pasi ya mathe iko na waya imefungwa tepu nyeusi hadi inakaa imevaa soksi, na bado ndio hunyoosha shati ya kanisa. Timu ya pili ni ya msee ameingiziwa salo juzi. "Sare hiyo kitu buda, ni ya kitambo." Anashuka tao, anarudi na katoni, anapiga picha na katoni, na mwezi ikifika kati anakukopa fare.

Mimi hao wote naona wameruka swali. Kifaa haikufangi yote. Kuna part moja imeenda, na zingine zote ziko fiti, zimekaa tu hapo zinaingojea. So kabla utoe hata ashu, uliza nini imekufa, na udai jina. Si "imeungua." Si "mashine imechoka." Jina ya part. Ukishaijua, ile kuunda ama kununua huwanga imejiamua yenyewe.

Najua kuna ile rule inazunguka, ati kuunda ikipita nusu ya bei ya mpya, nunua mpya. Si mbaya, lakini ni hesabu ya majuu. Kule saa moja ya fundi inaweza kuwa ghali kuliko kettle yenyewe, ndio unaskia mse ametupa kettle juu ya waya. Huku ni kinyume. Mkono wa fundi ni wa bei ya mtaa, part ndio huumiza. Fundi atakaa na wufa yako mchana mzima akuitishe jirongo, lakini part ikiwa ni ya ngiri tatu, ni ya ngiri tatu, hata umuite mzae wako. Halafu nusu ya bei ya mpya gani? Friji ya mathe iko na mabati ya kikwelikweli, watu wawili wanaibeba wakipumzika kwa kila ngazi. Ile unaona kwa bango na bei tamu ni nyepesi hadi mse wa boda anaikubali bila maswali. Kabla upige hiyo nusu, hakikisha unalinganisha vitu zimetoka daraja moja.

Tuanze na friji, juu ndio hukula doo mob na ndio mafundi hudanganyia watu sana.

Taa ya ndani inawaka lakini vitu hazipoi? Enda nyuma, inama hadi chini, kuna chuma nyeusi ya mviringo imekaa ka sufuria imefunikwa ikachomelewa. Hiyo ndio kompresa. Tega sikio. Ikiguna kidogo, ipige "tak," inyamaze, halafu baada ya muda irudie hiyo hiyo, usikubali mtu akwambie kompresa imekufa kabla ajaribu rilei ingine. Rilei ni kaplastiki kamechomekwa kwa ubavu wa kompresa, kazi yake ni kuipiga teke ianze. Ni kitu ya masoo, si ya mathao. Na ndio huumia stima ikicheza, juu kompresa ikizima inataka dakika kadhaa presha ya gesi itulie kabla iwashwe tena. Stima ikienda na kurudi chap chap, inalazimishwa kuanza na mzigo bado iko mgongoni. Hiyo ndio kazi ya frijigadi, ile kitu watu huchomoa ati inachelewesha. Kuchelewesha ndio inalipiwa.

Sasa ka kompresa inazunguka tu bila kunyamaza, na bado maziwa inachacha, mara mob ni gesi imetoka. Hapa fundi atakwambia, "Tunajaza gesi, inakuwa fiti." Tulia. Gesi ya friji si ka ya meko. Haiishangi kwa kutumiwa. Imefungiwa kwa mabomba inazunguka hapo miaka na mikaka, so ikipungua kuna tundu. Fundi akijaza bila kutafuta tundu amekuuzia baridi ya muda, na utarudi kwake na doo ingine. Swali la kumpiga nalo ni hili: imetokea wapi?

Na ka ni friji ya mlango moja, kwa bedsita, jibu mara nyingi huwanga kisu. Barafu imejaa hapo juu, mse anataka kutoa nyama ya Jumapili, hana time ya kuzima na kungoja, anachukua kisu anaanza kuchimba. Ukuta wa hiyo friza ni aluminiamu nyembamba na gesi inapita ndani yake. Unaskia "psss," na hapo umetoboa. Habari njema ni hiyo tundu inaonekana, so inaweza zibwa. Habari mbaya ni ka gesi imetokea ndani ya ukuta, kwa ile povu imemwagwa katikati ya mabati na plastiki, huko hakuna mtu ataifikia bila kurarua friji yote. Hapo saluti, iage.

Soma pia stika ya kompresa. Ikiwa imeandikwa R600a, hiyo ni isobutani, familia moja na gesi ya kupika, na inashika moto. Fundi akitaka kuwasha mtungi wa kuchomelea hapo katikati ya keja yako, na kitanda ni hatua mbili, mwambie atoke nayo nje, na gesi itolewe yote kwanza. Ikiwa R134a, hiyo haina huo wazimu, na mafundi wengi wameizoea. Na ka ni ile friji ya shosh imeandikwa R12, wacha ipumzike. Hiyo gesi ilipigwa stop na Mkataba wa Montreal, ule wa 1987, juu ilikuwa inakula ozoni, na mse anakwambia ako nayo kwa mtungi leo ako na kitu ingine.

Kompresa yenyewe ikikufa kikweli, piga hesabu yote: kompresa, gesi mpya, filta, na mkono. Kwa friji ndogo hiyo bili inakaa karibu sana na mpya, so nunua. Kwa ile kubwa ya milango miwili, ya familia, bado kuunda inaweza make sensi, bora kompresa ikuje na waranti imeandikwa, si ya mdomo.

Halafu kuna friji haijakufa hata kidogo, ni mlango. Chukua noti yoyote uko nayo, weka kwa mlango, funga, vuta. Ikitoka laini bila kushikwa, raba imelegea, baridi inatoka usiku kucha na tokeni zinaenda nayo. Kabla ununue raba mpya osha hiyo na maji moto na sabuni, halafu omba ule dem wa saluni akukopeshe bloudraya, ipashe joto pole pole, inyooshe na kidole. Mara nyingi inashika.

TV ni fupi. Sauti iko, picha hakuna? Ngoja usiku, zima taa, washa tochi ya simu na uisogeze karibu na skrini, kwa pembe. Ukiona watu wanatembea huko gizani, ka mavivuli, panel iko hai na ni taa za nyuma zimezima. Hiyo inaundwa, na ni kazi ya kila siku kwa mafundi wa TV. Hizo taa ni taa ndogo ndogo zimepangwa msururu, moja ikikatika inaweza zima zote. Mwambie fundi abadilishe msururu wote, asiunganishe ile moja akaruka, juu zingine zote zimezeeka pamoja na zitafuata. Ikirudi keja, shusha mwangaza. Wengi wetu tumeacha TV kwa ile mwangaza ilitoka nayo dukani, ya kupigana na taa za duka, na keja yako ni futi kumi kwa kumi.

Lakini ka kioo imepasuka, hata usipoteze fare. Mtoto na mpira, rimoti imerushwa Arsenal wakifungwa dakika ya mwisho, sababu si hoja. Panel peke yake bei yake huwanga inakaribia TV mzima, na fundi wa ukweli atakwambia hivyo hata kabla ukae.

Maikrowevu nayo naomba kitu moja: usifungue wewe. Najua umeona video. Ndani kuna transfoma inapandisha stima hadi volti elfu mbili na kitu, na kapasita yenye inaweza kaa na hiyo nguvu hata baada ya kuchomoa plagi. Watu wamekufa hivyo, na plagi iko mkononi. Chenye unaweza ukaangalia bila kufungua ni kale kakaratasi kagumu ka rangi ya fedha ama kahawia kwa ukuta wa ndani, upande wa kulia mara mob. Hiyo ni maika. Mafuta ya chakula ikirukia hapo inachomeka, na unaanza kuona cheche ka za wasee wa kuchomelea mageti. Watu hudhani maikrowevu imelipuka, wanaitupa. Maika huuzwa shiti, unakata na makasi saizi yako, bei ni ya lanchi ya kibandaski. Ikiwa nayo inazunguka, taa inawaka na chakula inatoka baridi, mwachie fundi apime. Akisema ni swichi ya mlango ama fyuzi, unda. Akisema ni magnetroni, ile kitu hutengeneza mawimbi yenyewe, na ni maikrowevu ya kawaida ya kupasha ugali ya jana, nunua mpya.

Vidogo vidogo sitakaa navyo. Blenda ikinguruma na kisu haizunguki, ni ile raba ya katikati imelika, na si ajali, imewekwa laini ndio ikatike yenyewe badala ya mota. Ikitoa cheche mob na harufu, uliza kaboni kabla uulize mota. Pasi imekufa, angalia waya pale inapojikunja karibu na mkono, halafu fyuzi ya joto. Kettle inachemsha pole pole na unaishi kwa maji ya borehole, hiyo ni chumvi imeganda chini, ndimu na maji moto itaiosha. Shawa ya instanti vilevile: elementi huuzwa peke yake, na kuna ya maji ya kawaida na kuna ya maji ya chumvi. Ukiweka ya kawaida kwa maji ya chumvi utakuwa mteja wa kudumu.

Na kuna vitu hata usilete kwa hii debeti. Paipu ya gesi imepasuka, reguleta ya mtungi inavuja, ekstenshoni imeyeyuka soketi moja. Hizo haziundwi. Hakuna tepu, hakuna sabuni ya kipande, hakuna "shikilia hapo." Ni vitu za masoo na zinachoma ploti.

Sasa fundi. Wasee hulalamika ati mafundi ni wakora, na wengine ni kweli, lakini wengi wetu tunaenda kwa fundi ka mgonjwa ameenda kwa daktari akasema tu "naumwa." Ukiacha maswali nyumbani, bei itatoka kwa viatu zako. Kuna stori fupi tu inakuonyesha uko na nani:

"Boss, hii bodi imeungua."

"Wapi, fundi wangu?"

"Hapa ndani."

"Nionyeshe tu, nijue."

Hapo kuna fundi ataigeuza bodi, akuonyeshe kapasita imefura kichwa, ile inafaa kuwa bapa juu na sasa imepanda ka maandazi. Huyo kaa naye. Na kuna mwenye ataanza kukwambia vile ako bize, uache namba. Huyo chukua kitu yako, sema asante, endelea na njia. Na usimkosee heshima. Mwite fundi, mwite mkubwa, mtaa ni mdogo.

Kabla uache kifaa, piga picha ya bodi na namba zake. Weka alama ya kalamu mahali pamejificha. Mwambie mapema kabisa: "Ile mbovu nitaitaka." Hii moja ndio silaha kubwa, juu fundi akijua atakurudishia part mbovu mkononi, hawezi kukulipisha part hajabadilisha, na hawezi kunyonya nzuri yako aweke kwa ya mtu mwingine. Deposti toa ya part, ya mkono toa ikiwaka. Na iwake hapo kwa benchi yake muda mrefu ukiangalia, si dakika mbili ya furaha.

Ukiweza, part jitafutie. Vaa viatu za kutembea, shuka Luthuli. Kwa wale hawajafika: ni ile streeti ya tao yenye spika za kila duka zinapigana na za jirani, na tangu ifanyiwe upya 2019 magari zinaenda njia moja na kuna pahali ya kutembelea bila mathree kukukanyaga. Imepewa jina ya Albert Luthuli wa Afrika Kusini, Mwafrika wa kwanza kupewa Nobel ya Amani, ya 1960. Amani kwa hiyo streeti ni kidogo sana, mzee atusamehe. Lakini part ziko. Kapasita, rilei, fyuzi, msururu wa taa za TV, IC za wufa ka TDA2030, rimoti za TV zenye kampuni ilishasahau iliwahi kuzitengeneza. Siri ni usiende na maelezo, enda na maiti yenyewe kwa mfuko. Ukianza "ni kakitu fulani keusi" utauziwa kakitu fulani keusi. Ukiweka part kwa kaunta, mse anaangalia namba, anapanda ngazi, anarudi nayo. Uliza bei kwa duka tatu kabla utoe simu ya M-Pesa.

Time nayo ni bei, na hapa timu ya mathe hukosea. Ka blenda ndio inakulisha, unauza juisi hapo steji, kila siku fundi anasema "kesho" ni siku hujauza. Hapo nunua hata ya mtumba leo, urudi kazini, na ile mbovu iundwe pole pole ikuwe spea. Friji ya mama wa samaki haiwezi ngoja part itoke Dubai. Ile ya kuweka soda ya wikendi inaweza.

Pia kuna mahali kuunda inashinda kwa fundi na inakulipisha kwa tokeni. Friji haizimwi, ndio maana. Tuseme ya kitambo inakula yuniti moja na nusu kwa siku, na mpya ya saizi hiyo hiyo inakula nusu yuniti. Yuniti ikikukalia karibu bob thelathini na ushuru zake, hiyo tofauti ni soo tisa kwa mwezi, zaidi ya thao kumi kwa mwaka. Friji ya kuundwa kwa thao mbili inaweza kuwa inakunyonya hivyo kimya kimya. Hii hesabu fanya kwa friji tu, usiisumbulie pasi ama blenda. Na ukienda kununua, angalia ile lebo ya EPRA ya nyota, moja hadi tano. Nyota mob, tokeni kidogo. Mse wa duka atakuongelesha kuhusu rangi ya mlango. Wewe uliza nyota.

Ukiamua kununua, si lazima ikuwe ya katoni. Vitu za ex-UK ziko, na hazifanyi fujo kwa sababu Uingereza wanatumia plagi ya pini tatu ka yetu na volti zao ni karibu zetu. Urithi wa mkoloni, angalau huo unachomekeka. Shida ni hazina waranti na huwezi jua zililala kwa kontena namna gani, so iwashwe mbele yako na uisubiri ipoe kikweli. Kaa chonjo na zawadi ya cuzo wa Marekani. Kule ni volti 120. Ile blenda smati ameleta Krismasi ukiichomeka tu hivi kwa ukuta wa Nairobi, itazunguka kwa spidi hujawahi ona, halafu moshi. Inataka transfoma ya kushusha stima, na transfoma ya kubeba blenda kubwa si kitu ya mfukoni.

Ile ya kulipa kidogo kidogo sitaikataza, wengi wetu bila hiyo hatungekuwa na kitu kwa keja. Jumlisha tu malipo yote hadi ya mwisho kabla uweke sahihi, halafu urudi uangalie bei ya fundi tena. Kuna wasee wamekataa kuunda TV kwa thao tatu wakaingia deni ya thao ishirini juu ya TV ya thao kumi na mbili.

Na risiti. Nairudia juu hakuna mtu husikia: piga picha ya risiti siku hiyo hiyo, zile karatasi za mashine hufifia hadi zinabaki nyeupe. Katiba, kifungu cha 46, inakupa haki ya bidhaa ya ubora unaofaa na fidia ukipata hasara juu ya kitu mbovu, na kuna Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012. So kifaa ikizima na iko bado kwa waranti, fundi wa mtaa asiiguse hata na bisibisi. Akifungua tu, duka limepata sababu ya kukukana.

Sasa umenunua, na ile mbovu iko kwa korido inakanyagiwa na watoto. Usiipeleke kwa jalala. Dunia ilitoa tani milioni 62 za takataka za elektroniki 2022, na chini ya robo ndio ilikusanywa na kurisaikoliwa kihalali. Zingine zilienda mahali, na ka umewahi kupita Dandora ukaskia ile harufu ya plastiki, moja ya hizo mahali unaijua: waya zinachomwa ndio shaba itoke, na moshi inaingia kwa manyumba za watu. Kwa Nairobi kuna WEEE Centre hupokea hizi vitu na kuzivunja vizuri.

Ama uza. Fundi wa friji atanunua maiti ka kompresa bado inapiga, hata ka mabomba yameoza. Fundi wa TV anataka TV yenye kioo imepasuka, juu bodi zake ziko sawa na kuna mse mahali anazitafuta. Hapa jina ya part inakulipa tena: ukijua nini imekufa, unajua pia nini iko hai, na unaitisha bei ya vyenye viko hai. Mwisho kabisa ndio msee wa vyuma na mkokoteni wake. Biashara yake ilipigwa marufuku Januari 2022, baada ya milingoti ya stima kuanguka na nchi kuingia giza, watu wakashuku vyuma vinaibwa, halafu ikafunguliwa tena mwaka huo huo. Sasa amerudi anapita mtaani akipiga kelele asubuhi mapema. Yeye hununua kwa kilo, so hajali rilei ni mpya ama maika umekata jana.

Ukimuuzia friji, toa mlango kwanza, usiiache nje ikiwa mzima, watoto huingia kucheza na ikijifunga hawawezi kutoka. Na toa shelvu za glasi na droo ya mboga uweke kando. Yeye hazilipii, na kwa mafundi wa friji hizo huuzwa peke yake.